Mikono minne: mke na mume kukarabati wenyewe nyumba ya zamani, Moshi na Arusha

Nyumba za miaka ya sitini hadi themanini zilizopo Majengo, Soweto na Shantytown upande wa Moshi, au Kaloleni na Themi upande wa Arusha, mara nyingi ni nzima kuliko zinavyoonekana. Mbao za kenchi (fremu inayobeba paa) ni nene, milango ni ya mninga au mvule, sakafu ni ya saruji nyekundu iliyopigwa na mtu aliyejua kazi. Kilichochoka ni paa, waya, mabomba na lipu. Ndiyo maana watu wawili wenye subira, wikendi zao na fundi wa siku mojamoja wanaweza kuirudisha nyumba ya aina hii bila kuibomoa.

Kosa linalokula pesa kuliko yote ni kuanza na rangi. Rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu hubabuka kabla masika mawili hayajapita, na mnakuwa mmelipia kazi ileile mara mbili. Maji kwanza, ndani ya nyumba baadaye. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kufuata hilo.

Kabla ya kushika nyundo

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, ni msimu wa kukagua, si wa kujenga. Mvua kubwa ikinyesha mmoja apande darini na tochi, mwingine abaki chini na chaki. Wa juu anapiga papi (mbao zinazoshikilia bati) mahali anapoona tone, wa chini anatia alama kwenye dari chini ya mlio. Kumbukeni kuwa tone halianguki palipo na tundu: maji huteleza juu ya kenchi hata mita mbili ndipo yadondoke. Kazi za paa zifanyike Juni, lipu Julai na Agosti (ukuta wenye unyevu utasubiri hadi ukauke), rangi Septemba na Oktoba kabla vuli haijaanza.

Kubadilisha rangi, marumaru au dari hakuhitaji karatasi nyingi. Kubomoa ukuta, kuongeza chumba au kubadilisha umbo la paa kunahitaji kibali cha halmashauri, Manispaa ya Moshi au Jiji la Arusha, na ni vyema mwenyekiti wa mtaa ajue mapema. Kama nyumba ni ya kupanga, hata ya Shirika la Nyumba, pateni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Halafu kuna jambo moja lisilo na mjadala. Kama paa ni la asbesto, yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi makubwa, au dari ni ya bodi ngumu ya kijivu inayovunjika kama kigae, msitoboe, msikate, msipige brashi. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta ugonjwa miaka mingi baadaye, na hakuna dawa ya kuzitoa. Ongeeni na afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) kabla ya kuligusa.

Paa na gata

Bati la zamani la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4. Geji 30 linalouzwa sana leo lina karibu 0.3. Kwa hiyo msiwe wepesi wa kung'oa bati nene lililofifia tu rangi na kuweka jembamba linalong'aa. Gongeni na chokoeni kwa ncha ya bisibisi: likitoboka, libadilisheni, likibonyea bila kutoboka, lisugueni kutu, mpake praima ya chuma kisha rangi ya bati koti mbili.

Kutu huanzia kwenye misumari. Msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa wimbi, si bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Ng'oeni uliolegea, mrudishie wenye mpira au skrubu ya bati yenye washa ya mpira, nene kidogo kuliko tundu la zamani. Tundu la bondeni lizibwe kwa kipande cha utepe wa lami upande wa juu, baada ya kusugua bati hadi ling'ae. Utepe ukibandikwa juu ya vumbi unabanduka na jua la Januari. Bati jipya lipandane na lenzake sentimita 15 kwa urefu, na wimbi moja na nusu ubavuni.

Chini ya bati, chomeni bisibisi kwenye papi na ncha za kenchi zinazokaa ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakula. Kateni sehemu hiyo hadi kwenye mbao ngumu, muunganishe kipande kipya cha saipresi au paini kilichotiwa dawa, kikipandana na cha zamani angalau sentimita 60, kwa bolti mbili au tatu. Misumari peke yake haitoshi hapo.

Gata ni sehemu ya ukuta, ingawa watu huiona pambo. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linamwaga lita 1,000, na zote zikidondokea kwenye msingi, ukuta utanywa. Wekeni mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3, kishikio kila sentimita 60. Kwa wanaoishi Usa River, Maji ya Chai na maeneo mengine ya chini ya Mlima Meru, gata lina faida ya pili kubwa: maji ya ardhini huko yana floraidi nyingi, kuchemsha hakuiondoi, na maji ya mvua karibu hayana kabisa. Simtanki chini ya gata ni afya ya meno na mifupa ya watoto. Msikinge maji ya paa la asbesto wala ya bati lililopakwa rangi ya zamani isiyojulikana.

Unyevu wa ukutani

Hapa msiharakishe. Bandikeni karatasi ya nailoni ya sentimita 60 kwa 60 ukutani, mzibe kingo zote kwa selotepu pana, muiache siku mbili. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakitokea upande wa chumba, ni mvuke wa jikoni au wa pumzi za watu wanaolala madirisha yakiwa yamefungwa, na dawa yake ni hewa.

Unyevu unaotoka ukutani una sura tatu. Doa la juu karibu na dari ni paa au gata. Doa la katikati, linalokua hata kiangazi, ni bomba. Doa la chini, kuanzia sakafuni hadi karibu mita moja, lenye chumvi nyeupe inayotoka kama pamba na lipu inayovimba, ni maji yanayopanda kutoka ardhini, maana nyumba nyingi za zamani hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au iliyopo imepitwa na udongo. Tokeni nje muangalie. Mara nyingi mtakuta bustani ya maua imepandishwa mwaka hadi mwaka hadi udongo uko juu ya sakafu ya ndani. Ukuta hauna kosa hapo.

Chimbeni udongo huo hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Kisha zungusheni nyumba kwa mkanda wa zege, ambao mafundi huuita aproni: upana sentimita 75, unene sentimita 7.5, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ukiinama kwenda nje sentimita 2. Kwa mita 10 za mkanda mtahitaji karibu nusu mita ya ujazo ya zege, yaani mifuko 4 ya saruji. Kateni mkanda kila mita 2 kwa kupachika ubao mwembamba, la sivyo utajipasua wenyewe mahali msipopenda.

Ndani, ondoeni lipu yote hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, bila huruma. Kisha subirini. Tofali lenye unyevu hukauka kwa kukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na Julai ya Arusha, yenye ukungu wa asubuhi, haisaidii. Piga brashi kavu kila wiki kuondoa chumvi. Msiioshe, maana maji huirudisha ndani.

Lipu ya kurudishia hapo isiwe ya saruji tupu. Ichanganyeni na chokaa: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Lipu ya namna hiyo ni laini kidogo na hupumua, unyevu uliobaki unatoka. Watu wengi hupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini ili "kuzuia maji". Haizuii, inayafungia, nayo hupanda juu zaidi hadi yapate pa kutokea. Mita ya kwanza ya ukuta wa aina hiyo ipakwe chokaa au emalshani (rangi ya maji) isiyong'aa, basi.

Nyufa

Ufa mwembamba kama unywele ni wa lipu: pasua kwa ncha ya mwiko, ziba, endelea. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha ukishuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali ni wa msingi. Huenda ulikuja na mitetemo ya Julai 2007, ile iliyotokea upande wa Ziwa Natron ikasikika hadi Arusha na Nairobi, na ukatulia. Huenda bado unatembea, hasa kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kukauka kiangazi. Njia ya kujua ni kuchora mistari miwili ya penseli pande mbili za ufa, kupima umbali kwa rula na kuandika tarehe ukutani palepale. Ukiongezeka msimu hadi msimu, au ukiwa mpana kuliko milimita 5, muiteni mhandisi kabla ya kuendelea na chochote.

Mstari wa mita moja

Hii ndiyo kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya, na ndiyo itakayookoa kazi nyingine zote. Nyumba ya zamani haina sakafu iliyolala sawa wala dari iliyonyooka. Mkipima kila kitu kutoka sakafuni, soketi zitapanda na kushuka kama ngazi.

Nunueni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 10. Ujazeni maji kwa kuunyonya kutoka kwenye ndoo, si kwa bomba, kwa sababu maji ya bomba huingia na hewa. Inueni ncha mbili zikiwa pamoja: maji yakikaa usawa mmoja, mpira uko sawa. Yakipishana kuna povu mahali, ligongeni kwa kidole hadi lipande na kutoka. Tone la wino au la rangi ya chakula hufanya maji yaonekane vizuri.

Mmoja ashike ncha ya kwanza mlangoni, kwenye alama ya mita 1 juu ya sakafu itakavyokuwa ikimalizika (kama mtaweka marumaru, ongezeni unene wake na gundi, karibu sentimita 1.5). Mwingine aende na ncha ya pili kona kwa kona. Asiseme "tayari" hadi maji yaache kucheza. Wa mlangoni ndiye anayesema "sasa", kwa sababu yeye ndiye anayeona alama. Ncha zote ziwe wazi. Kidole kikisahauliwa juu ya ncha, kipimo ni cha uongo. Unganisheni alama kwa uzi wa chaki. Kutoka kwenye mstari huo mtapima soketi, meza ya jiko, kingo za marumaru na dari, na hamtaufuta hadi siku ya rangi.

Mabomba

Mabomba ya chuma ya zamani huota kutu kwa ndani hadi tundu la nusu inchi linabaki la kalamu. Ndiyo maana bomba la mvua la bafuni linatiririka machozi hata simtanki ikiwa imejaa. Kuzibua hakusaidii. Pitisheni mabomba mapya ya plastiki ya PPR: milimita 25 kwa njia kuu, 20 kwa kila tawi.

Mashine ya kuchomelea hukodishwa kwa siku. Iacheni ifike nyuzi 260. Kateni bomba kwa mkasi wake, ncha iwe mraba, futeni vumbi, tieni alama ya penseli ya kina cha kuingia: milimita 14 kwa bomba la 20, milimita 16 kwa la 25. Pasheni bomba na kiungo kwa pamoja, sekunde 5 kwa la 20, sekunde 7 kwa la 25, kisha viunganisheni ndani ya sekunde 4 kwa kusukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Shikeni bila kutikisa, halafu muache dakika 2 au 3. Mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine ashike. Mkizidisha moto, plastiki hujikunja kwa ndani na kuziba njia, na hamtaiona hadi ukuta uwe umefungwa. Mkizungusha, kiungo hupata mkunjo unaovuja baada ya miezi.

Bomba la maji machafu la inchi 4 liinamishwe sentimita 2.5 kwa kila mita. Likiwa bapa, uchafu unabaki; likiinama mno, maji hukimbia na kuacha uchafu nyuma.

Kabla ya kufukia, kodini pampu ya mkono ya kupimia, mpandishe hadi baa 10, msubiri saa moja. Mshale ukishuka, tafuteni kiungo. Maji ya simtanki lililo mita 3 juu yanatoa baa 0.3 tu, kwa hiyo "hakuna kinachovuja" wakati huo si ushahidi. Pigeni picha kila ukuta ulio wazi na rula ikiwa imesimamishwa pembeni. Picha hizo ndizo zitakazozuia msumari wa picha ya harusi usitoboe bomba.

Umeme

Kazi yenu hapa ni mifereji na mabomba ya kupitishia waya. Kuvuta waya, kufunga ubao na kuunganisha na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nyumba yenye fyuzi za waya kwenye ubao wa mbao, na waya uliofunikwa mpira unaopukutika ukikunjwa, isubirishwe kila kitu hadi ibadilishwe.

Mfereji uende wima au mlalo tu, kamwe si mshazari, ili anayefuata ajue waya uko wapi. Ukuta wa sentimita 15 uchimbwe usizidi sentimita 5 kwa mfereji wima na 2.5 kwa mlalo. Kwa mlalo, mnakata mguu wa ukuta. Mwambieni fundi mnataka waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na njia ya peke yake ya milimita 4 au 6 kwa bafu la maji moto la papo kwa papo. Bafu hilo la kilowati 5.5 linavuta karibu ampea 24. Likichomekwa kwenye waya wa soketi, waya unachemka ukutani bila moshi hadi siku ya msiba. Dai pia breka ya kuzuia kupigwa na umeme, ya miliampea 30, na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) yenye fimbo ardhini. Mabafu mengi ya zamani hayana ethi kabisa.

Lipu

Piteni ukuta mzima mkigonga kwa mpini wa nyundo. Ukilia kama ngoma, lipu imeachana na tofali. Kateni kiraka chenye kingo za mraba kwa grainda, kisha tindo. Kiraka cha duara chenye kingo nyembamba hupasuka pembezoni.

Pimeni mchanga kabla haujashushwa. Jazeni mchanga sentimita 10 kwenye chupa pana, maji hadi juu, kijiko cha chumvi, mtikise sana, muache saa 3. Tope litakalokaa juu ya mchanga likizidi milimita 8, rudisheni gari. Mchanga mwingi wa mitoni huku kwetu ni mweusi wa volkano na rangi yake si tatizo. Tatizo ni vumbi lililomo: lipu yake hupasuka kama tope la bwawa.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa lipu ya kawaida ya moja kwa nne, hiyo ni ndoo 7 za lita 20. Saruji ya daraja la nguvu la 32.5 inatosha kwa lipu, ya 42.5 ihifadhiwe kwa zege. Kwa ukuta wa mita 4 ulioondolewa lipu hadi mita 1.3, mchanganyiko wa chokaa unahitaji nusu mfuko wa saruji, ndoo moja isiyojaa ya chokaa na ndoo 5 za mchanga, kwa unene wa milimita 15.

Lowesheni ukuta jana yake na tena nusu saa kabla. Rusheni kwanza uji mzito wa saruji moja na mchanga mkavu mbili, ukuta uwe na chunusi za kushikilia, muache siku moja. Mmoja anakoroga na kulisha, mwingine anarusha na kukata kwa rula ndefu. Korogeni kidogo kidogo: kilichokaa zaidi ya saa moja na nusu kimeshaanza kushika, na kukiongezea maji ni kukiua. Kisha nyunyizieni maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Watu hulisahau hili kuliko yote, wakidhani lipu inakauka. Lipu haikauki, inakomaa, na bila maji hubaki unga.

Dari

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kinataka bodi 6 za jipsamu za mita 1.2 kwa 2.4, pamoja na hasara ya kukata. Mbao za inchi 2 kwa 2 ziwe kila sentimita 40, zikifuata mstari wenu wa mita moja kwa kupima kwenda juu. Viungo vya bodi vipishane kama tofali. Tengenezeni nguzo ya umbo la T kwa mbao, ndefu sentimita 1 kuliko dari: mmoja anabana kwayo, mwingine anafunga skrubu kila sentimita 20, kichwa kikizama kidogo tu bila kuchana karatasi. Darini kukiwa na kinyesi cha popo, vaeni barakoa nzito na mnyunyizie maji kabla ya kuzoa.

Sakafu

Kabla ya kuagiza marumaru, oneni mlicho nacho. Sakafu nyekundu ya oksaidi ni baridi wakati wa joto la Moshi, haitelezi ikiwa kavu, na hudumu kuliko watu walioijenga. Tunashauri ibaki sebuleni na vyumbani, marumaru zikae jikoni na bafuni.

Kuirudisha: toeni nta ya zamani kwa maji moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, mara mbili au tatu, hadi tone la maji linywewe badala ya kukaa kama shanga. Ufa upanuliwe kwa tindo uwe na upana wa sentimita 1, uloweshwe, uzibwe kwa saruji moja na mchanga laini mbili pamoja na oksaidi nyekundu, gramu 250 hadi 500 kwa kila kilo 5 za saruji. Mkizidisha rangi, saruji hudhoofika. Fanyeni kiraka cha majaribio nyuma ya mlango kwanza, maana rangi ikikauka hupauka. Baada ya wiki mbili, nta ya sakafu kwa tabaka nyembamba, halafu kumbi la nazi au brashi hadi ing'ae.

Mnapoweka marumaru juu ya oksaidi, nta ndiyo adui. Gundi haishiki juu yake, na marumaru huanza kulia kama ngoma mwaka wa kwanza. Pigeni sakafu kwa ncha ya tindo vitundu vingi vilivyokaribiana, kila sentimita 5, baada ya kuosha. Kwa sentimita 60 kwa 60, mita za mraba 14 na nyongeza ya asilimia 10 ni boksi 11 za marumaru 4, pamoja na mifuko 4 ya gundi ya kilo 20. Nunueni zote siku moja na mlinganishe namba ya bechi kwenye boksi. Bafuni, mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa mita kuelekea kwenye tundu.

Milango na madirisha

Mlango wa mninga usibadilishwe kwa wa bodi iliyokandamizwa. Toeni rangi ya zamani kwa mkwaruzo wa maji, si msasa mkavu, maana rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Mbao ikishakuwa wazi, msasa wa 80, 120 kisha 180, kufuata nyuzi, halafu vanishi. Vioo vya luva vibaki kama fremu ni nzima: kwa hewa hakuna dirisha la aluminiamu la kuteleza linaloyashinda, kwa sababu la kuteleza hufunguka nusu tu.

Rangi

Lipu mpya ikae wiki 4. Kwa ukuta wa zamani, pitisheni kiganja. Kikitoka cheupe ni chokaa, na skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta kabla ya rangi) haitashika juu yake bila kukwangua na kupaka praima ya kufunga ukuta. Kisha sugueni sehemu ndogo kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi ikitoka ni emalshani. Isipotoka ni ya mafuta, ipigwe msasa hadi ipoteze mng'ao wote, la sivyo emalshani itavuliwa kama gamba la nyoka. Kuvu lioshwe kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa maji manne, dirisha likiwa wazi, bila kuchanganya na dawa ya choo.

Skimu ni tabaka mbili za milimita 1 hadi 2, msasa 120 kisha 180. Usiku, zimeni taa ya dari, mmoja ashike balbu karibu na ukuta ubavuni, mwingine azungushie penseli kila kivuli. Mchana hamtaviona hivyo vivuli, na rangi itavionyesha vyote.

Chumba chetu cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7, kina ukuta wa mita za mraba 37 baada ya kutoa mlango na dirisha. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10, kwa hiyo koti mbili ni lita 7.5. Ndoo ya lita 20 inatosha vyumba viwili na akiba ya kurekebishia. Pakeni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, hasa Arusha, ambako ukuta hupata umande jioni na rangi hubaki na madoa. Anzeni dari, kisha kuta, mwisho mbao. Mmoja achore kingo kwa brashi, mwingine afuate kwa rola kabla kingo hazijakauka. Mkiachana kwa nusu saa, mpaka wa brashi utaonekana hadi mpake tena.

Mvua kubwa ya kwanza ya vuli ikija, zungukeni na tochi ileile. Darini muangalie pale mlipokuwa mmetia alama za chaki. Nje muone kama gata linafurika kwenye kiungo na kama maji ya aproni yanakimbia kutoka ukutani. Wekeni kiganja chini ya dirisha, sentimita 10 juu ya sakafu, upande wa ndani. Pakiwa pakavu na pa vuguvugu, nunueni mapazia.